Pampu Juu ya Mkanda wa Sherehe

Bonaria alizaliwa na thalasemia, ugonjwa wa damu uliokuwa ukitembea katika ukoo wao, kule Sardinia, kisiwa cha Italia. Aliishi kwa kuongezewa damu, na damu hiyo ilimwachia chuma mwilini. Ili kukitoa, alilala na pampu ndogo iliyosukuma dawa polepole kupitia sindano tumboni.

Alipofika miaka kumi na miwili alichoka. Majira yote ya baridi, mama yake akishazima taa, aliichomoa sindano kimyakimya. Vipimo vya Aprili vikamuumbua: chuma kilikuwa kimeanza kuulemea moyo.

"Sasa utaivaa usiku na mchana," daktari akasema.

"Na sikukuu je?" Bonaria akauliza. Mwaka huo ndio angepanda farasi kwa mara ya kwanza katika maandamano ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wao.

"Panda. Na pampu yako."

Njiani kurudi Bonaria alingoja kugombezwa, wapi! Walipofika mlangoni ndipo mama yake, Grazietta, akasema:

"Kaka yangu Bachisio alikuwa na ugonjwa huu huu, mwanangu. Alikufa ana miaka minane. Yeye hakuwa hata na dawa ya kukataa."

Bonaria alilia, akanawa uso, akaomba achomwe sindano.

Asubuhi ya sikukuu Grazietta alikuwa ameshona mfuko wa siri ndani ya sketi nyekundu. Bonaria akaitumbukiza pampu, akajitazama kwenye kioo, akaitoa tena. Akaining'iniza juu ya mkanda wa mahameli, kando ya vifungo vya fedha.

"Watu wataiona," mama akasema.

"Waione."

Uwanjani Mallena, mwanafunzi mwenzake, akaanza: "He! Umebeba redio?"

"Dawa. Inanitoa chuma mwilini."

"Chuma? Basi tukuuze kwa mhunzi!"

"Niuze tu. Mimi atanigombania, wewe atakukataa hata bure!"

Wasichana wakaangua kicheko, Mallena mwenyewe akicheka kuliko wote. Kisha akamshikia farasi apande.

Bonaria alipita mbele ya kanisa mgongo umenyooka, pampu ikimeremeta juani. Grazietta, kando ya barabara, alimshika mkono mwanamke asiyemjua kabisa.

"Unamwona yule mwenye pampu? Wangu yule!"

Kufikia majira ya mapukutiko chuma kilikuwa kimepungua, na sindano Bonaria alikuwa akijichoma mwenyewe.