Sega la Mlembe

"...na ndege mwari, mama mdogo! Mwari weupe wamejaa bwawani kama mbuzi mnadani, yaani hata maji huyaoni!"

Queen alikuwa hajatua hata begi. Mama yake mdogo, Hana, alikuwa anapepeta mahindi uani kwake Inyonga, akacheka nusu. Ndivyo alivyokuwa akicheka tangu kiangazi cha tisini na tatu, mumewe Zefania alipoenda kurina asali asirudi. Watu wa hifadhi walisema ameliwa na simba. Bila mwili, wazee wa ukoo walikataa kukaa matanga, kwa hiyo Hana hakuwa mke wala mjane.

Safari yenyewe ya kuangalia ndege hifadhini ilikuwa fupi: wanachuo wachache wa ualimu, darubini moja ya kuazima, na askari Salvatori na bunduki yake kwa ajili ya viboko. Walipokuwa wanatoka bwawani, mlembe akaanza kuwapigia kelele. Ni ndege yule mdogo anayeongoza watu kwenye asali. Anaruka, anatua, anageuka kuangalia kama mnakuja. Wakonongo akina Queen wanajua: mlembe akikuita unafuata, na ukipata asali unamwachia sega.

"Huyo muongo," Salvatori alisema. "Tusimfuate."

Walimfuata. Mlembe akatua juu ya mti wa mninga, na chini ya mninga alikuwa ameketi Zefania, kofia magotini. Kifuani alikuwa na tundu la risasi, lililopanuka kama mlango wa mzinga. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka humo, kila mmoja na shughuli zake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, chuo kinakulisha." Akageuka. "Afande Salvatori. Bado unayo ile bunduki?"

"Ile ile, mzee."

"Haya. Kwanza ndege apate chake," Zefania alisema, akafungua shati. Queen akapeleka mkono, nyuki wakampisha, akamega sega na kuliweka kwenye gogo. Mlembe akashuka, akala.

Queen alitaka wambebe wampeleke nyumbani. Mwenzake Enoka alishaanza kukata fito za machela.

"Acheni hizo," Salvatori alisema. "Hapa hakitoki kitu, hata unyoya. Na huyu aliliwa na simba."

"Ndivyo wanavyosema," Zefania alikubali.

Bunduki ilikuwa imetoka begani, iko mikononi. Enoka akaziweka fito chini.

"Nendeni tu nyie," Zefania alisema. "Jua linakuwa kali."

Sasa, uani kwa Hana, Queen alikuwa anamwaga habari za ndege wengine, korongo na furukombe, za kiboko aliyepiga miayo mpaka Enoka akapanda mti wa miiba. Hana akaacha kupepeta.

"Na simba? Mmewaona?"

"Hapana."

"Hata nyayo?"

"Hata nyayo, mama mdogo."

Nyuki akatoka kwenye mkono wa sweta ya Queen, akatembea ukingoni mwa ungo. Hana alimwangalia, hakumfukuza.

"Ngoja nioge kwanza," Queen alisema. "Mengine nitakwambia kesho."