Ugonjwa wa Esta

Jumanne Paskalina alikuwa barazani kwake Lukozi anachambua maharage, shemeji yake Tobia akaja na karatasi ya kumpeleka Efrazia, binti wa Paskalina, hospitali ya vichaa. Ilikuwa na alama mbili za dole gumba. Ya tatu ingetiwa Jumapili, watu wakitoka ibadani.

"Usilie, shemeji," Tobia alisema. "Ni ugonjwa wa ukoo wetu. Hata shangazi Esta walimpeleka, akafia huko huko."

Ugonjwa gani, hakusema. Hakuna aliyewahi kusema. Efrazia alikuwa mzima wa afya, miaka kumi na tisa. Kosa lake alisimama kwenye mkutano wa kijiji akadai shamba la marehemu baba yake, lile la bondeni, ambalo Tobia analilima.

Paskalina akapanda basi mpaka Mombo, akatembea hadi makaburi ya hospitali hiyo. Mlinzi, mzee Samsoni, alikuwa anafyeka.

"Shikamoo, baba. Namtafuta Esta wa Lukozi."

"Marahaba." Akafungua daftari. "Namba arobaini na moja. Hayupo."

"Kahamishwa?"

"Nani amhamishe! Kaburi limeondoka lenyewe, mwaka wa Uhuru. Kila masika linapanda mlima kidogo, kuelekea kwenu. Juzi juzi lilikuwa Soni, nyuma ya wauza nyanya."

Akamnakilia mstari wa Esta kutoka daftarini. Mama mwenye binti asikie hapa: Paskalina aliusoma ule mstari, akafurahi, akaukunja na kuuweka kifuani kama dawa.

Huko Soni wanawake wauza nyanya wakamwambia kaburi limekwishapita. Halikusumbua mtu, walikuwa wakilipalilia wakingoja wateja. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumapili asubuhi lilikuwa limelala bondeni, katikati ya kabichi za Tobia.

"Karibu nyumbani, shangazi," Tobia alisema, akahamishia miche pembeni.

Baada ya ibada wakakusanyika pale pale shambani. Paskalina akatoa karatasi yake. Katibu wa kijiji, Ramadhani, mtu wa Tanga, akaisoma kwa sauti: "Esta. Kaletwa na kaka zake. Ugonjwa: anasema shamba ni la baba yake."

"Mmesikia?" Paskalina alisema. "Hakuwa na wazimu wowote!"

Katibu akaiweka kando ya karatasi ya Efrazia, akasoma na hiyo. "Ugonjwa: anasema shamba ni la baba yake."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Neno kwa neno," alisema mzee Sefania, mwenye dole gumba la tatu. "Kumbe ni wa ukoo kweli. Ahsante, mama, umetutoa wasiwasi." Akalichovya kwenye wino.

Efrazia akamgeukia mama yake. "Mama, waambie. Shamba ni la nani?"

Katibu akatoa karatasi nyingine, nyeupe, akauliza Paskalina jina lake kamili.

Paskalina akatazama kaburi, akatazama kalamu.

"Mimi," alisema, "mambo ya shamba siyajui."