Siku ya Anciens

Hapa Likasi neno ancien lina wenyewe. Ancien ni mwanaume aliyeachishwa kazi na kampuni ya madini, akarudi nyumbani na mabuti ya kazi na kikohozi. Binamu yangu Rémy alizaliwa Shituru, nyuma ya kiwanda, kwa hiyo hilo analijua vizuri. Lakini alipewa ufadhili wa utafiti, akakaa Ujerumani miaka miwili, akarudi amesahau hata mambo yaliyo wazi.

Wafadhili wake walimwomba awakusanye watafiti wote wa Katanga waliopitia ufadhili ule, waunde chama, kisha waipeleke sayansi kwa wananchi. Wakajiita Anciens, yaani waliopitia ufadhili. Rémy akapeleka tangazo parokiani, likasomwa baada ya misa: Anciens wote wafike Jumamosi ukumbini, Docteur Rémy atazungumza juu ya vumbi na mapafu.

Baba, ancien wa kampuni, alikuwa amekaa kando yangu. Nilimwona akinyoosha mgongo.

"Danielle, umesikia? Batatupima."

Nilikuwa nimembembeleza kwa muda mrefu. Alikuwa akitema damu na kuificha kwenye kitambaa, na mwishowe alikubali twende Lubumbashi Jumatatu baada ya Jumamosi hiyo apigwe radio, ile picha ya kifua, madaktari waone kilichomo. Sasa nikamweleza kwamba Rémy ni docteur wa mawe, si wa watu.

"Docteur njo docteur," akasema.

Nikamwacha aende. Jumatatu si ilikuwa palepale?

Jumamosi nilichelewa sokoni, na nilipoingia ukumbini nilitamani ardhi inimeze. Mbele walikaa watafiti wachache, wamevaa fulana mpya za chama, wakijadili kwa Kifaransa namna ya kuwafikia wananchi. Kando ya ukuta wazee wa kampuni walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja amevua shati na kulikunja mkononi. Ndivyo ilivyokuwa visite médicale ya kampuni: unavua kabla ya kuitwa, usimpotezee daktari wakati wake. Hakuna aliyewaambia wavue. Mbavu zote zile, na wenyewe wametulia wakingoja majina yao.

Mzungu wa wafadhili aliuliza hao ni akina nani.

"Ni wananchi," Rémy akamjibu. "Wamekuja kwa ajili ya sayansi."

Mzungu akafurahi, akatoa simu, akaanza kupiga picha.

Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alichoka kungoja, akaenda mbele, akasimama kifua wazi mbele ya mtoto wa dada yake.

"Docteur, nipumue?"

Rémy alinitazama, nami nikamkazia macho: mwambie. Ingetosha kusema, Tonton, mimi si daktari wa namna hiyo. Lakini simu ya mzungu bado ilikuwa juu. Rémy akainama, akaweka sikio kwenye mgongo wa Baba.

"Pumua, Tonton."

Baba akapumua. Hata mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia kifua kikikoroma.

"Iko muzuri," Rémy akasema. "Vaa shati."

Wazee wakapiga makofi. Wa pili akasogea.

Baadaye nilimkamata Rémy nje. "Weye iko na roho ya namna gani?"

"Yaya, dada yangu, ningefanya nini? Nimupatishe haya mbele ya bantu?"

"Haya ya nani, Rémy?"

Simu yake ililia, halafu ikalia tena. Picha ilikuwa imeshafika kwenye mtandao wa chama chao, na wenzake wa nchi nyingine walikuwa wanampongeza kwa umati ule.

Jumatatu asubuhi gari la Lubumbashi lilisimama mbele ya nyumba. Baba hakutoka kitini. Nilimwomba, nikafoka, nikalia.

"Docteur wa Ulaya amenisikiliza," akasema. "Radio ya nini tena?"

Akakohoa, akajifuta mdomo. Kitambaa kikawa chekundu, na safari hii hakukificha.

"Unaona? Na hii yote aliisikia. Akasema iko muzuri."

"Baba, Rémy alikudanganya."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Mutoto ya dada yangu anidanganye minye, juu ya kifua yangu? Danielle, acha motokari iende."