Nyongeza ya Saba

Niliondoa saba upande wa kushoto, nikarudisha chaki, nikageuka kutafuta sifa. Hakuna aliyenipa.

Ubaoni palikuwa na 3x + 7 = 25, na mimi nilikuwa nimeacha 3x = 25. Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Mtihani wa sekondari ulikuwa umenibwaga mara mbili, mara zote kwa hesabu tu, na wa tatu ulikuwa wiki iliyofuata. Nilikwisha kuwaapia wanangu kwamba cheti hicho nitakitundika mwenyewe, miguu ikiwa bado inapanda kiti.

Mwalimu Pyo, kijana wa umri wa mjukuu wangu, alikuwa ametuambia mlinganyo ni mizani. Nilicheka. Mizani nifundishwe mimi, niliyeuza dagaa wakavu soko la Tongyeong miaka arobaini? Basi akaniomba nimweleze ninavyopima. Nikamwambia: napima nusu kilo, kisha natupia konzi moja juu. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu sokoni anayepima kamili huitwa bahili. Darasa zima la vikongwe likaafiki.

Mwalimu akaigusa ishirini na tano kwa kidole.

"Ndiyo hapo, mama. Kushoto umeondoa saba, kulia umeiacha. Hiyo ishirini na tano umeipa nyongeza. Si mteja wako."

"Hata ukiinyima," akasema Ok-sun, muuza mwani wa dawati la nyuma, "haina pa kwenda kukusengenya."

Tulicheka mpaka wengine wakafuta macho. Kisha nikashika chaki tena. Saba kushoto, saba kulia. Ikabaki 3x = 18. Nikagawa kwa tatu, nikapata sita. Sikuamini, nikairudisha sita mahali pake: tatu mara sita kumi na nane, na saba, ishirini na tano. Sijui kama siku ya harusi yangu nilifurahi hivyo, na mume wangu nilimpenda.

Nilifaulu. Siku ya pili baada ya matokeo mwalimu Pyo alikuja kibandani kwangu kununua nusu kilo ya dagaa wa kumpelekea mama yake. Nilipima polepole, mshale ukasimama palepale kwenye mstari, haukuzidi hata unywele.

"Sawasawa kabisa, mama," akasema kwa fahari, akanyoosha mkono kupokea.

Nikatupia konzi mbili.

"Ile ilikuwa ya darasani," nikamwambia. "Hapa ni sokoni."