Sekunde Arobaini na Moja

Swali la kumi na tisa lilikuwa halijajibiwa mama yake alipoanza kupaliwa.

Binti huyu, fundi cherehani, alikuwa ameisogeza cherehani ukutani, kompyuta ya kuazima ikakaa juu yake. Chumba ni hicho hicho kimoja: kitanda cha mama aliyepooza huku, mtihani wa mwisho wa shahada ya ualimu kule. Miaka sita alisoma huku akishona sare za watoto wa wenzake. Sheria ya mtihani ilikuwa moja: usiondoe uso mbele ya kamera.

"Mwanangu…" Sauti ikakatika.

Aliruka. Akamlaza mama ubavu, akampigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Alipogeuka, skrini ilikuwa nyekundu. Umeondoka kwa sekunde arobaini na moja. Mtihani umefutwa.

Kesho yake alimwachia jirani mama yake, akaenda chuoni. Dirisha la malalamiko, ambapo zamani alikaa mama mmoja mkali lakini mwenye masikio, lilikuwa limepigiliwa mbao. Alimkuta ofisa wa mitihani mlangoni, anatoka.

"Dada yangu, mashine haina chuki na mtu."

"Najua, mheshimiwa. Ila haikumwona mama."

"Iliona kiti kitupu."

"Sasa nani wa kuiambia kwamba imekosea?"

Ofisa alifikiri, tena kwa dhati. "Hakuna. Ndiyo maana tuliinunua. Watu walikuwa wanahongwa." Akamwonyesha skrini ya ukumbini. "Rufaa ni pale. Dakika mbili tu."

Skrini ilitaka namba ya mwanafunzi. Akaiandika. Namba hii haipo. Akaiandika tena, polepole, kama mtu anayemtajia kiziwi jina lake. Haipo. Akageuka kumwita ofisa. Gari lake lilikwisha kutoka getini.

Aliketi. Viti vilikuwa safu nne, vyote vitupu, vyote vimeielekea skrini. Alilia kidogo, kilio cha samaki, machozi yakaenda na maji. Kila baada ya muda skrini ilijiwasha, ikamsalimu: Karibu, mwanafunzi mpya.

Alasiri mfagizi akaja na ndoo.

"Inua miguu, binti."

Akainua. Mfagizi akapiga deki chini yake, akakamua dekio, akaenda zake. Sakafu ikakauka. Fundi alikuwa bado ameinua miguu.