Siku Mwalimu Glenys Alipoanguka Kweli

Msimu ule sisimizi warukao, wale ambao sumu yao huweza kuua mtu, walivamia hadi uwanja wa nyasi ambapo klabu yetu huviringisha matufe, hapa bonde la Huon. Baada ya mke wa katibu kuumwa na mmoja wao na kuponea chupuchupu, tuliamua kila mwanachama ajifunze kuchoma sindano ya dharura ya kutuliza mzio. Tukamwita Glenys, muuguzi mstaafu asiyependa utani.

Alitugawia sindano za mazoezi, zisizo na ncha wala dawa, akamwomba mwanachama mwenzetu Merv ajifanye mgonjwa. Merv alikufa vizuri sana. Alikoroma, akageuza macho, akaangusha sahani ya keki. Tulipompigia makofi alifufuka, akaomba arudie.

"Mara moja inatosha," Glenys alisema.

Kisha akatutoa nje kutuonyesha jinsi ya kumlaza mgonjwa nyasini. Alipiga magoti, akashtuka, akajikuna kifundo cha mguu. Punde sauti ikaanza kumkwama, akalala chali.

"Anazidisha," Merv alisema.

"Wewe ndiye uliyezidisha," mkewe Noreen akamjibu. "Mwangalie mwenzako anavyohema. Huko ndiko kuigiza, bwana."

"Nimeumwa," Glenys alisema kwa shida. "Si mchezo."

"Hata hilo amelikariri," Merv alinung'unika kwa wivu.

Noreen akainama, akamtazama usoni. "Merv, midomo haivimbi kwa kuigiza."

Hapo Merv akamrukia na kumchoma kwa sindano ya mazoezi. Glenys alimtazama kama mtu aliyeletewa supu baridi. "Hiyo tupu. Mkoba wangu."

Nikapiga simu ya dharura. Noreen alileta sindano ya kweli, Merv akaipokea kwanza, akaishika kichwa chini miguu juu.

"Paja," Glenys alisema. "Langu. Si lako."

Noreen akamnyang'anya, akaikandamiza pajani mwa Glenys kwa nje, akasubiri. Taratibu pumzi ikarudi. Glenys akataka kuinuka atusahihishe, Noreen akamkalia miguu.

"Lala, dada. Mwenyewe umesema mgonjwa hasimami."

Hospitali walimweka chini ya uangalizi hadi jioni. Jumamosi iliyofuata alirudi na vyeti vya watu wote, isipokuwa Merv. Merv akakata rufaa kwa kamati ya klabu, akidai mgonjwa alimchanganya kwa maneno mengi. Kamati ilijadili mpaka chai ikapoa, kisha ikaona ana hoja, ikamwandikia Glenys barua ya onyo.