Neno Laini

Mimi ni fundi cherehani, na mtaani wananijua kwa mambo mawili: mshono ulionyooka na mdomo usiofungwa. Mdogo wangu hunitania kwamba naanza kujibu kabla sijaulizwa. Siku tulipoitwa hospitali kupewa majibu ya picha ya kichwa cha mwanawe, niliingia mimi, yeye akabaki kwenye benchi akinyonyesha. Mtoto tulimpa jina la utani, Kidosho. Alikuwa na miezi minne, shingo haijakaza, na degedege lilimshika mara tatu, mara nne kwa siku.

Daktari aliniambia ubongo wa mtoto ni laini, na ndivyo alivyozaliwa. Alikuwa hajamaliza, lakini mimi nilishasikia nilichotaka. Laini! Kwani kuna mtoto asiyezaliwa na utosi laini, halafu ukakomaa? Nikamshukuru, nikachukua karatasi ya dawa, huyo nikatoka. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza.

"Futa machozi," nikamwambia mdogo wangu. "Ni laini tu. Utakomaa."

Tangu hapo, kila akimaliza kumwogesha, alimbonyeza utosini kwa kidole, polepole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Kidosho alitimiza mwaka hajakaa. Macho yake hayakumfuata mtu. Majirani wakaanza kunong'ona, nami niliwapa vipande vyao mpaka wakakoma.

Alipofika mwaka na nusu, mdogo wangu alikuja mbio kibandani kwangu, mtoto mgongoni.

"Dada, gusa. Umekomaa."

Nikagusa. Kweli, mfupa mgumu kabisa. Tukakumbatiana tukalia kwa furaha, wajinga wawili. Akaniomba nimshonee Kidosho sketi ya shule, ya bluu, yenye mikunjo, kiuno cha mtoto wa miaka sita, ikae ikimsubiri. Niliiweka mbele ya kazi za wateja wote. Mikunjo kumi na sita, kila mmoja nimeupiga pasi mpaka ukasimama.

Wiki iliyofuata tulirudi kliniki. Mdogo wangu alikwenda kupanga foleni dirisha la dawa, mimi nikabaki na daktari yuleyule, nikamtangazia kwa maringo kwamba ubongo umekomaa. Akaona futi ya kupimia shingoni mwangu, akasema basi nitamwelewa vizuri. Kilichokomaa ni mfupa. Ubongo wa mtu una mikunjo mingi, lakini wa Kidosho ulijengeka tumboni bila hiyo mikunjo, tambarare kama kitambaa kilichonyooshwa. Hiyo ndiyo laini aliyoisema.

"Utajikunja lini?" nikamuuliza.

"Hautajikunja, mama. Hatakaa, hatatembea. Dawa zinapunguza degedege tu. Na wengi wenye hali hii hawafiki ukubwani."

Mdomo huponza kichwa, husema watu. Wangu uliponza moyo wa ndugu yangu. Miezi kumi na minne nilimlisha neno ambalo sikulielewa, naye akanenepa nalo. Nilijichukia. Bado najichukia.

Nilimweleza kibandani siku hiyohiyo, sikuficha kitu, hata ujinga wangu. Sketi ilikuwa inaning'inia msumarini. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana. Alimpangusa Kidosho mate, akamgeuza upande wa pili, kichwa kikaangukia begani.

"Kwa hiyo hata mimi hanijui?"

Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu, nikatikisa kichwa tu, na hata sijui kama nilikuwa namaanisha hapana au sijui.

Aliitungua sketi akaniwekea mapajani.

"Fumua," akasema. "Mshonee mto wa shingo. Kichwa kinamwelemea."

Nikachukua wembe nikafumua mkunjo mmoja mmoja, yote kumi na sita, yeye akitazama. Nikatandaza kitambaa, nikakinyunyizia maji, nikakipiga pasi mara tatu. Alama za mikunjo zilikataa kutoka. Nikashona mto hivyohivyo.